Nondo ya Arthi

Asubuhi ya kwanza Mwalimu Evarista alidhani ni utundu wa wanafunzi. Alifungua chumba cha kompyuta, akaketi kwenye meza yake ya mbele, akagusa kibodi, vidole vikateleza. Vitufe vilikuwa vimelowa. Hayakuwa maji. Ulikuwa ute mwembamba kama ule unaobaki mkononi ukishika kambare, na ulinuka tope la chini kabisa la jaruba, lile jeusi ambalo jembe halilifikii. Akatazama dari. Kavu. Nje, jua la Oktoba lilikuwa limekausha mashamba yote ya mpunga ya Ubaruku mpaka ardhi imepasuka, na upepo ulikuwa unasukuma vumbi chini ya milango ya madarasa.

Akakagua kompyuta nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo, kana kwamba mtu mwenye mikono ya tope alikuwa amekaa kila kiti akaandika.

Akachukua kitambaa, akapangusa, akanyamaza. Kompyuta zile zilikuwa kama yai mkononi mwa shule nzima. Kabla hazijaja, Evarista, mgeni kutoka Iringa, alifundisha Tehama kwa karatasi ya manila. Alikuwa amechora kibodi kwa kalamu nene, na wanafunzi walikuja mbele mmoja mmoja kubonyeza herufi za wino, huku yeye akiwaeleza kwa mdomo kitu gani kingetokea kama ingekuwa kompyuta kweli. Mkuu wa shule, Mwalimu Sedekia Mwaisumo, alizunguka ofisi kwa ofisi miaka mingi, akifukuzwa, akirudi, mpaka wafadhili wakapatikana na chumba kikajengwa pembeni mwa uwanja. Siku maboksi yalipofunguliwa, Esther wa kidato cha tatu, binti wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Shinyanga, aliweka viganja vyake juu ya kibodi halisi akalia. Nani angethubutu kusema kwamba vitu hivyo vina ute?

Baada ya ute ikaja sauti.

Kidato cha tatu walikuwa kwenye kipindi, wameinama, vitufe vinagongwa taratibu kama mvua ya kwanza juu ya bati. Chini ya sakafu, karibu na ukuta wenye soketi, koo lilimeza. Koo kubwa, zito, la kitu kilichokuwa kimekaukiwa. Evarista alisimama na chaki yake hewani.

"Madam," akasema Gideon, kijana aliyekaa karibu na ukuta ule, "kuna mtu chini."

Darasa likacheka. Kicheko hakikufika mwisho. Mkono wa kulia wa Gideon ulikuwa juu ya mausi, na kidole chake cha shahada kikainuka chenyewe, kikapinda kwenda nyuma polepole, kama mtu anayejaribu kijiti aone kitakatikia wapi, kisha kikakatika. Wote walisikia. Kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele, kidole cha kati nacho kikainuka. Evarista aliruka madawati, akamkumbatia kijana kiunoni, akamvuta, lakini mkono uliganda pale pale, na vidole vikaendelea kuvunjika mbele ya macho yake mpaka likabaki dole gumba tu. Hapo ndipo mausi ilipomwachia. Evarista aliigusa kwa bahati mbaya alipokuwa anaanguka. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Ni shoti," alisema Mkuu Sedekia ofisini, Gideon alipokwisha kupelekwa hospitali kwa bodaboda.

"Shoti haivunji vidole, Mkuu."

"Umeme unakaza misuli, Mwalimu. Mifupa ya watoto hawa mwenyewe unaijua, wanakula ugali mtupu."

"Kimoja kimoja? Kwa kusubiriana?"

Sedekia alivua miwani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusema kwa sauti ya mimbarini hata akiomba chumvi, lakini sasa aliongea chini chini. "Ijumaa mgeni rasmi anakuja kuzindua. Wazazi wamealikwa. Miaka yote hii, Mwalimu, nimelala kwenye mabenchi ya ofisi za watu kwa ajili ya chumba hiki. Usiniletee maneno ya mitaani. Nitamwita Obeid aangalie nyaya."

Obeid alikuwa fundi umeme wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, ndiye aliyefunga nyaya za chumba kile. Alifika kesho yake mchana, akapima soketi zote, akakuta nzima. Evarista alimletea maji kwenye kikombe. Hakuyanywa.

"Mwalimu, huyo kijana alikaa ukuta gani?" akauliza.

Evarista akamwonyesha. Obeid akafumba macho kidogo, kisha akamwomba watoke nje. Nyuma ya chumba, katikati ya uwanja uliokauka kama kigae, palikuwa na kiraka cha majani mabichi. Katikati ya majani hayo kilichomoza kichwa cha nondo ya shaba, na waya wa kijani na njano ulitoka kwenye nondo ukaingia ukutani.

"Kompyuta zinataka arthi nzuri," alisema Obeid, akinong'ona ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Na arthi inataka udongo wenye unyevu, ili umeme ukileta shida ukimbilie ardhini. Kila mahali nilipopima palikuwa pakavu. Mkuu ndiye akanionyesha hapa. Akaninyooshea kidole, piga hapo. Mzee mmoja wa Kisangu alikuwepo, akasema jamani sogeeni, hapo pana chemchemi iliyofunikwa zamani na ina mwenyewe. Mkuu akamwambia mwenyewe wa vyote ni Yesu."

"Ukapiga."

"Nikapiga nyundo. Udongo mgumu, mgumu, mara laini. Nondo ikazama kama kisu kwenye paja la ng'ombe. Nikaweka nyundo chini, Mwalimu, na nondo bado inatetemeka mikononi mwangu. Halafu pakatoka maji mekundu."

"Kutu."

"Shaba haina kutu nyekundu. Lakini na mimi nilijiambia hivyo." Akajifuta jasho. "Nimekuja kuing'oa. Mkuu akitaka anishtaki."

Alizima umeme kwenye meni swichi, akafunga kifuniko kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Akapiga magoti kwenye majani, akashika spana, akaanza kulegeza kibano kinachoshika waya. Evarista alisimama karibu naye, rozari ikiwa mfukoni, vidole vikihesabu bila yeye kujua. Kibano kikalegea. Obeid akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeogopa bure.

Waya ukavutwa. Haukuvutwa kuelekea ukutani, ulivutwa kuelekea chini, ardhini, kwa kasi ya nyoka anayerudi shimoni, na kwa kuwa Obeid alikuwa ameuzungusha kwenye kiganja ili ausawazishe, ulimchukua mkono, ukamchukua bega, ukamlalisha kifudifudi juu ya kichwa cha nondo, na Evarista akasikia meno yakivunjika. Alimshika mkanda wa suruali akavuta. Waya ulilegea kidogo, Obeid akainua uso uliokuwa tayari si uso, akasema neno moja, "Mama," kisha ukamvuta tena, akagonga, akainuliwa, akagonga, kama mwanamke anayetwanga mpunga bila haraka, na kila alipogonga majani yale mabichi yalizidi kuinama kuelekea kwake, na chini yake koo lile kubwa lilimeza, likapumzika, likameza, na Evarista akaendelea kuvuta mkanda hata baada ya miguu ya fundi kuacha kupiga ardhi.

Polisi waliandika kwamba fundi alipigwa na umeme.

"Umeme ulikuwa umezimwa," Evarista aliwaambia. "Ufunguo uko mfukoni mwake."

Walimtazama kama wanavyomtazama mwanamke aliyefiwa. Watu wa umeme wakaja kukata waya kwenye nguzo, uzinduzi ukaahirishwa, chumba kikafungwa kwa kufuli mbili. Mkuu Sedekia alikwenda kumzika Obeid, akarudi amekonda. Alipokutana na Evarista koridoni alitazama ukuta. Nondo ilibaki pale pale. Hakuna fundi aliyekubali kuigusa.

Siku chache baadaye, wanafunzi wakiwa mstarini asubuhi, madirisha ya chumba cha kompyuta yakawaka. Mwanga wa buluu ulijaa kwenye vioo vyote, ukiangaza kidogo, ukififia kidogo, kama unaopumua. Waya kutoka nguzoni ulikuwa umekatwa, ncha yake inaning'inia wazi kila mtu akiiona. Mkuu Sedekia, aliyekuwa anasema habari za usafi wa vyoo, alinyamaza katikati ya neno.

Esther alitoka kwenye mstari.

Alitembea na viatu vimegeuzwa visigino mbele, hapana, ilikuwa miguu yenyewe iliyogeuka, pamoja na viatu. Alisimama mbele ya Mkuu akaongea kwa sauti ya mtu mzima aliyelala muda mrefu, na aliongea Kisangu. Nyumbani kwao walisema Kisukuma, shuleni Kiswahili. Kisangu hakuwahi kukijua. Faustina, mpishi wa shule, Msangu wa pale pale, alidondosha mwiko akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" Evarista aliuliza. "Mama Faustina, anasema nini?"

"Anasema mmemchoma ubavuni," Faustina alisema. "Alikuwa amelala, hakumkosea mtu. Anasema kila mnapowasha mashine zenu moto unashuka kwenye kidonda. Anasema..." Akarudi hatua nyuma. "Anasema moto huo ameshauzoea. Sasa anaurudisha."

Esther akamrukia Sedekia. Walianguka pamoja, na alipoinua kichwa alikuwa na kipande cha sikio la Mkuu mdomoni, akakitafuna, akakimeza kwa sauti ile ile ya chini ya sakafu. Walimu wanaume walimvamia. Mmoja alirushwa kwenye nguzo ya bendera akalala pale. Wanafunzi walikimbia wakikanyagana, wengine wakapita juu ya uzio wa miba. Mwishowe Esther aliwakimbia wote, akaenda nyuma ya chumba cha kompyuta, akaangukia kwenye majani mabichi, akaanza kuchimba kwa vidole kuizunguka nondo.

Walipojaribu kumtoa, kila aliyemgusa alitupwa. Wakamwacha. Alichimba.

Babu yake, mzee Bujiku, aliletwa kwa pikipiki jua likiwa limepanda. Alikuwa mganga aliyejulikana na wafugaji wa bonde zima, amekuja na kondoo mweusi mapajani na mkoba wa ngozi begani. Alimwangalia mjukuu wake kwa muda mrefu. Kucha za Esther zilikuwa zimeshatoka. Alikuwa anachimba kwa nyama.

"Babu, shikamoo," Evarista alisema, "utamweza?"

"Marahaba, mwanangu. Nisikudanganye. Majini ya kwetu nayajua kwa majina. Huyu ni mwenyeji wa hapa, na mimi ni mhamiaji kama wewe." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Nitaomba tu."

Akamwaga dawa kwenye ardhi, akaongea, akamsogeza kondoo kwenye majani. Kondoo hakulia. Shingo yake ilizunguka mara moja, ikazunguka tena, kama mtu anayekamua nguo, na mzoga ukatupwa miguuni kwa mzee.

"Amekataa," alisema Bujiku. "Hataki mnyama. Mtoto atachimba mpaka mifupa iishe, na nondo haitoki kwa mkono wake, kwa sababu si yeye aliyeiweka."

"Aliyeiweka amekufa."

"Aliyepiga nyundo amekufa. Nani alionyesha mahali?"

Nyuma yao Mkuu Sedekia alikuwa amesimama na kanga ya Faustina amejifunga kichwani, imelowa damu. Hakuna aliyemgeukia. Walimsikia tu akivua koti.

"Mimi," akasema. "Kwa kidole changu hiki."

"Mkuu, ngoja," Evarista alimshika. "Twende tutafute trekta, tutafute mnyororo."

"Mtoto amefika kwenye mfupa, Mwalimu. Tazama." Alikuwa analia bila sauti. "Alilia siku alipogusa kibodi. Ulimwona? Nilikwenda ofisini kwangu na mimi nikalia. Nilidhani nimewafanyia jambo kubwa katika maisha yao." Akautoa mkono wa Evarista kwa upole. "Mnishike miguu."

Alilala kifudifudi kando ya Esther, na msichana hakumdhuru, alimpisha tu, akaketi akitazama kwa macho yasiyo yake. Sedekia alishika nondo kwa mkono wa kulia, akaanza kuvuta huku akisali kwa Kinyakyusa, Evarista ameshika mguu mmoja na mzee Bujiku mwingine, na nondo ikaanza kupanda, kidogo kidogo, nyekundu, yenye joto, ikitoa sauti ya kitu kinachochomolewa kwenye nyama, na chumbani kompyuta zote zikaanza kulia kwa mlio mmoja mwembamba uliopanda mpaka vioo vya madirisha vikapasuka, na ilipokaribia kutoka yote ardhi ililainika chini ya kifua cha Sedekia, ikafunguka kama mdomo, mkono wake ukaingia mpaka kiwiko, mpaka bega, na shavu lake likabanwa kwenye tope, akawa anapiga kelele kwamba kinamla, kinamla taratibu, kina meno, jamani, kina meno ya mtu, na wao wakavuta, na kila walipovuta kilichokuwa chini kilivuta zaidi, mpaka Evarista akahisi viatu vyake vinaburuzwa na mwili wa Mkuu umeanza kuzama kwa upande kama gunia linaloteremshwa kisimani.

"Usimwachie!" Bujiku alipaza sauti. Alikuwa ameachia mguu wake. Alichomoa panga kwenye mkoba. "Mwanangu, usimwachie hata nikifanya nini!"

Evarista hakumwachia. Alifumba macho. Alisikia panga likishuka, na likishuka tena, kwa sababu mzee hakuwa na nguvu za kutosha kwa mara moja. Kisha mguu aliokuwa ameushika ukawa mwepesi, akaanguka nyuma pamoja na Mkuu kwenye vumbi, na ardhi ikaitema nondo ya shaba katikati yao.

Esther aliporomoka. Alipofumbua macho alitazama vidole vyake, akaanza kulia kwa Kisukuma, akimwita babu yake. Na pale palipokuwa na nondo maji yalitoka, mekundu kwanza, kisha masafi kabisa, mengi, yakapenya chini ya ukuta yakajaa chumbani, na mwanga wa buluu ukazimika dirisha moja baada ya jingine.

Sedekia hakufa. Walimfunga bega kwa kanga na mkanda, wakamkimbiza Mbeya kwa gari la kubeba mpunga lililokuwa linapita. Chumba cha kompyuta kiliachwa kikawa dimbwi. Esther alipona, ingawa vidole viwili havikunjuki. Gideon naye alirudi shule na plasta, akaandika kwa mkono wa kushoto.

Mwisho wa muhula Evarista alipata uhamisho wa kurudi kwao Iringa. Kabla ya kwenda alisafiri kwanza kinyume, mpaka Mbeya, mtaa wa Soweto, kumuaga Mkuu wake. Ilikuwa saa za mchana, watoto wanacheza barazani. Mke wa Sedekia, Mama Blessing, alimpokea mkoba, akauweka kwenye kochi, akamwongoza chumbani bila kumwangalia.

Kitanda kilikuwa kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha.

"Karibu, Mwalimu," alisema Sedekia. Alikuwa amekonda, amebaki macho tu. Upande wa kulia shuka lilikuwa limelala bapa. "Mwambie mama atoke kidogo."

Mama Blessing akatoka.

"Bado upo," alinong'ona.

"Nini, Mkuu?"

"Mkono. Madaktari wanasema ni mishipa inakumbuka, ni kawaida kwa waliokatwa. Sawa. Lakini mishipa haikumbuki kushikwa. Ameushika, Mwalimu. Vidole vyangu viko ndani ya vyake, navisikia sasa hivi ninavyoongea na wewe. Mwanzoni alikuwa ameushika tu, kama unavyomshika mtoto njiani." Akatazama kamba za dirisha. "Siku hizi anavuta."

Evarista alitazama ukuta wa mashariki, ule unaoelekea Ubaruku. Rangi ilikuwa imekwanguka kwenye usawa wa kitanda, na tofali limeanza kuonekana.

"Nitakuombea, Mkuu," akasema, akashika mkono wake wa kushoto kumuaga.

Sedekia alimng'ang'ania. Wakati huo huo mwili wake ulichapwa kuelekea mashariki, kamba moja ikakatika kwa mlio wa mjeledi, kitanda kikaburuzika na Evarista akaburuzwa nacho. Alikanyaga mguu wa kitanda, akavuta kama alivyovuta siku ile, bega lake likalia.

"Usiniache," alisema Sedekia. "Mwalimu, wewe hukuniachia."

Evarista alikuwa amedhamiria kutoachia. Lakini ndipo alipokisikia, kupitia kiganja cha mtu yule, kupitia mifupa yake, kitu kikipita kifuani mwa Sedekia na kuingia kwenye mkono mzima, kikipapasa vidole vyake kwa upole, kimoja kimoja, kikiuliza nani yuko upande wa pili. Kikafika kwenye kidole chake cha shahada. Kikaanza kukiinua.

Evarista akafungua mkono.

Alikuwa barabarani kabla hajajua kwamba amekimbia. Nyuma yake alisikia kitanda kikigonga ukuta, kikirudi, kikigonga tena, na Mama Blessing akiita majirani. Watoto waliokuwa wanacheza barazani walisimama wakamtazama akipita. Mkoba wake ulikuwa bado kwenye kochi, wenye barua ya uhamisho na nauli. Hakurudi kuuchukua.